Je, kuku wa kienyeji lazima wawekewe uzio? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaokuja kwangu Singida kununua kuku wa kufuga huondoka na tenga mkononi na swali lilelile mdomoni: "Sasa hawa nikiwaachia, si watapotea?" Majibu yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi yale yanayomkuta mtu mara moja kwa mwaka. Maswali yana namba, kwa sababu baadhi ya majibu yanaelekeza kwenye mengine.

## Mambo ya msingi

1. Kuku wakiachiwa bila uzio, watapotea?

Hapana, ikiwa wamezoea banda lako na wanapata kitu cha kula jioni. Kuku aliyezoea kwake huondoka asubuhi, huzunguka, huparua, na kabla ya magharibi yuko mlangoni. Vijiji vingi hapa kwetu havijawahi kuwa na uzio wa kuku, na kila nyumba ina kuku wake.

Anayepotea ni kuku mgeni (swali la 5), kuku mwenye njaa, au kuku aliyelichoka banda (swali la 16). Hao watatu hata uzio hauwazuii, maana watatafuta tundu.

2. Huwa wanakwenda umbali gani?

Si mbali kama watu wanavyodhani. Wangu wengi huzunguka ndani ya mita 100 hivi kutoka bandani, na jogoo mwenye matetea yake haendi hata huko. Chakula kikiwa karibu (jalala, zizi la ng'ombe, kinu cha jirani), huganda hapohapo kutwa nzima. Kiangazi, majani yakikauka na wadudu wakipungua, mzunguko hupanuka. Ukiwaona wanavuka barabara ambayo zamani hawakuvuka, wasikuumize kichwa kwa ukaidi wao: angalia kwanza unachowapa.

3. Ni nini kinachowarudisha jioni?

Giza. Jicho la kuku limejaa seli za kuonea rangi mchana, lakini zile za kuonea gizani ni chache, kwa hiyo jua likizama kuku hana ujanja. Babu yao, kuku pori mwekundu wa Asia ya Kusini-Mashariki, alijihami kwa kupanda juu ya mti kabla giza halijaingia, na kuku wa leo bado anabeba woga huo. Anataka mahali palepale alipolala jana akaamka salama.

Ndiyo maana nasema banda ndilo uzio wa kwanza. Lenye chaga za kupandia, lisilovuja, lenye hewa na lisilo na utitiri humvuta kuku kama mkeka unavyomvuta mtu aliyechoka. Uzio wa pili ni konzi ya chakula saa kumi na moja jioni: pumba, chenga za mahindi au mtama, vimwagwe karibu na mlango kwa mwito uleule kila siku. Mwito wowote unafaa. Jirani yangu hugonga sufuria kwa mwiko, na kuku wake hukimbia kutoka pembe zote za kijiji hadi wapita njia wakacheka. Usiwashibishe asubuhi. Kuku aliyeshiba asubuhi hana haja na wewe jioni.

4. Kama hawapotei, basi uzio ni wa nini?

Ni wa kuwazuia wengine zaidi kuliko kuku wenyewe. Uzio humzuia mbwa asiingie, humzuia kuku wa jirani asilete ugonjwa, na hulinda mchicha wako, wa jirani, na amani iliyopo kati yenu. Mwenye nyumba ya kupanga mjini, mwenye kiwanja kando ya barabara ya lami, au mwenye kuku zaidi ya 50 atauhitaji. Anayeishi kijijini na kuku 12 na jirani wa karibu yuko mita 80 anaweza kuishi bila huo, ila msimu wa kilimo una mambo yake (swali la 11).

Kati ya kuwaachia kabisa na kuwafungia kabisa kuna njia ya tatu, ile ambayo maofisa mifugo huiita nusu huria: kuku wanakaa ndani ya uzio na kulishwa sehemu ya siku, kisha wanaachiwa kuanzia saa tisa au saa kumi. Muda uliobaki hadi giza hautoshi kwenda mbali. Mimi hufuga hivyo.

## Kuku wageni

5. Nimenunua kuku leo. Niwaachie lini?

Wafungie bandani wiki 2 kamili, na chakula na maji humohumo. Wiki 1 huwatosha matembe (kuku majike ambao hawajaanza kutaga, si nyumba za Kigogo), lakini mtetea mzima aliyezoea kwao huhitaji zote 2. Baada ya hapo waachie saa moja tu kabla ya magharibi, wakiwa na njaa kidogo, nawe ukiwa karibu na chakula. Kesho yake waongezee saa nyingine. Siku ya nne au ya tano waachie asubuhi.

Kosa ninaloliona kila mara ni la mtu anayewaachia siku ya tatu "kwa sababu wanaonekana wamezoea". Hawajazoea, wametulia kwa sababu wamefungwa. Kama kwao ni kijiji cha pili, wengine wataanza safari ya kurudi na kulala njiani, na njiani kuna kicheche.

Wiki hizo 2 zina faida ya pili. Ugonjwa waliokuja nao hujitokeza mapema, basi wasichanganywe na kuku wako wa zamani hadi zipite.

6. Je, kumfunga kamba mguuni kunafaa?

Wahenga walishasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na bado ndivyo inavyofanyika kwa kuku mmoja au wawili. Tumia kitambaa laini au ukanda wa kanga kuukuu badala ya uzi wa nailoni, maana nailoni hukata ngozi na mguu huvimba. Mfunge kivulini, maji yawe karibu, na umhamishe mara 2 kwa siku. Usimwache peke yake. Kuku aliyefungwa hawezi kumkimbia mbwa wala mwewe, na siafu wakipita atakufa pale alipo.

Kwa kuku 10, achana na kamba. Wafungie bandani.

7. Na vifaranga?

Vifaranga hawapotei, wanaliwa. Wiki 4 za mwanzo wafunike kwa tenga pamoja na mama yao, au watengee kibanda kidogo chenye wavu hadi juu. Ukimfunika mama peke yake na kuwaacha wana nje, hawatamwacha, lakini kunguru nao hawatawaacha wao. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa adui mkubwa ni huyo huyo kunguru mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 na sasa ametapakaa pwani nzima. Huku bara ni mwewe.

Wengine huwapaka vifaranga rangi ya waridi au ya zambarau ili mwewe asiwatambue. Nimejaribu. Faida niliyoiona kwa uhakika ni kwamba niliwajua wangu walipochanganyika na wa jirani.

## Uzio wenyewe

8. Uzio uwe na kimo gani?

Kuku wa kienyeji ni mwepesi, na mtetea akitishwa huruka mita 1.5 bila shida. Weka futi 6, na juu usiweke boriti au ubao wa kutua. Kuku haruki juu ya uzio moja kwa moja. Huruka akatua juu yake, kisha akashuka upande wa pili. Wavu unaonesa kwa juu humkatisha tamaa kuliko ukuta mrefu wenye kilele bapa. Angalia pia vitu vilivyoegemea: toroli, rundo la matofali, tawi la mwembe. Hizo ndizo ngazi zao.

9. Nitumie nini?

Tumia kinachopatikana kwako. Pwani watu husuka makuti, bondeni kuna matete na mianzi, na penye viwanda vya mbao kuna mabanzi ya bei nafuu. Mabanzi nayapenda, kwa sababu mbwa haoni ndani na asichokiona hakimsumbui. Tatizo lake ni mchwa, basi chovya ncha za nguzo kwenye oili chafu kabla ya kuzifukia.

Wavu wa kuku wa dukani huwazuia kuku vizuri lakini ni dhaifu kwa mbwa. Mbwa mwenye nia huupasua kwa meno usiku mmoja. Kama una fedha za wavu mgumu wa matundu madogo, uweke futi 2 za chini tu, na juu utumie ule wa kawaida. Chini fukia kama sentimita 30, au ulaze mwingine juu ya ardhi kuelekea nje na kuubana kwa mawe. Mnyama huanza kuchimba pale uzio unapogusana na ardhi, hana akili ya kurudi nyuma hatua 2.

Uzio wa miti hai ni mzuri kwa anayeweza kusubiri. Singida, Dodoma na Shinyanga utaona minyaa kila mahali. Inastahimili ukame na mbuzi hawaili, lakini maziwa yake ni hatari sana kwa macho, basi usiikate kwa mikono mitupu wala mbele ya watoto. Minyaa huacha nafasi chini na kuku hupenya humo kama hawauoni. Ziba kwa matawi ya miiba hadi mti unenepe. Michongoma hufunga vizuri zaidi, ila huchukua miaka.

10. Eneo la ndani liwe na ukubwa gani? Na kukata bawa kunasaidia?

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, mayai yakiuzwa kama ya kuku huria sheria inataka angalau mita 4 za mraba za nje kwa kila kuku. Kwenye mvua haba kama kwetu, kiasi hicho hugeuka vumbi ndani ya miezi michache. Ukiweza mara mbili yake, gawa eneo vipande viwili kwa uzio wa kati na uwahamishe kila baada ya wiki kadhaa, majani yapate kuota na minyoo ipungue. Ndani ya banda la kulala, kuku wakubwa 5 au 6 kwa mita ya mraba wanatosha.

Bawa hukatwa moja tu, ili akiruka apoteze mizani. Kunjua bawa, kata kwa mkasi yale manyoya marefu 10 ya mwisho, usawa wa manyoya madogo yanayoyafunika. Yasiyokomaa yana damu ndani ya mrija, hayo usiyaguse. Kuku haumii, ni kama kukata kucha. Yataota tena atakapobadilisha manyoya. Hata hivyo aliyekatwa bawa hawezi kupanda mtini mbwa akija, kwa hiyo usimkate kisha ukamwachia nje ya uzio.

## Majirani na sheria

11. Kuku wangu wanafukua mbegu za jirani. Nifanyeje?

Wafungie msimu wa kupanda, basi. Huku kanda ya kati mvua huanza Novemba au Desemba, na wiki 3 za kwanza baada ya kupanda ndizo za vita: kuku hufuata mstari wa mtama au mahindi na kufukua shimo baada ya shimo, utadhani ndiye aliyepanda. Mche ukifika magotini hatari imepungua. Baada ya mavuno, hali hugeuka na wenye mashamba wenyewe hufurahi kuona kuku wakila nafaka zilizodondoka na wadudu.

Bustani ni tofauti, kwa sababu mchicha na sukuma wiki huliwa mwaka mzima. Hapo ni nafuu kuizungushia bustani uzio kuliko kuwazungushia kuku, kwa kuwa bustani ni ndogo na haihami. Mimi na jirani yangu tulinunua wavu wa bustani yake kwa kuchangia nusu kwa nusu. Ulitoka bei ndogo kuliko kuku mmoja ambaye angekufa kwa jiwe.

12. Sheria inasemaje kuhusu kuku wanaozurura?

Inategemea unakoishi. Nchini Tanzania halmashauri za miji na manispaa nyingi zina sheria ndogo kuhusu mifugo inayozurura, na zinatofautiana. Muulize mtendaji wa mtaa au wa kijiji kabla hujaleta kuku. Kwa Kenya, uliza ofisi ya kaunti. Kijijini mashauri mengi ya kuku humalizwa na wazee kwa fidia ya mbegu au debe la nafaka, na ni heri yaishie hapo.

13. Wakichanganyika na wa jirani nitawatambuaje?

Funga kitambaa cha rangi moja mguuni kwa kuku wako wote, au pete za plastiki. Kamba ya kifaranga ilegezwe kila wiki 2 anapokua. Wazee wetu walikata ncha ya kidole, kila ukoo na kidole chake. Mimi siwezi kupendekeza hilo wakati kitambaa kipo.

## Wanyama, wezi na magonjwa

14. Uzio utawazuia wanyama na wezi?

Mbwa, ndiyo. Kwa nguchiro na kenge, sehemu tu. Kicheche na kanu, hapana, kwa kuwa hupita kwenye tundu dogo au hupanda. Mwewe hata hajui kwamba uzio upo. Dhidi ya mwewe kinachosaidia ni vichaka na vivuli vya kukimbilia: mihogo, migomba, meza kuukuu, hata turubai juu ya vijiti vinne. Uwanja mweupe usio na kitu ndani ya uzio mzuri ni sinia la mwewe. Jogoo mwenye macho naye ana kazi yake, maana mlio wake wa tahadhari ya angani huwafanya wote wakimbilie kivuli.

Wanyama wa usiku huzuiwa na banda, si uzio. Mlango ufungwe kila siku kabla ya giza, na tundu lolote linalopitisha vidole 2 vyako lizibwe. Kicheche akiingia haridhiki na mmoja.

Mwizi naye huja usiku, hasa karibu na Idi na Krismasi. Uzio humchelewesha na kufuli humchosha, lakini banda lililo karibu na dirisha la chumba chako humzuia zaidi.

15. Kuku wa ndani ya uzio hawapati mdondo?

Wanapata. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, huja kwa viatu, kwa tenga la mchuuzi, kwa kuku uliyemnunua gulioni, na kwa ndege. Uzio hupunguza kuchangamana, haufuti hatari. Kinga ni chanjo: ile ya I-2 huwekwa tone moja kwenye jicho moja, kwa kuku wa umri wote, kila baada ya miezi 3. Chanja wenye afya tu, na waambie majirani mchanje siku moja.

Ukisikia kuku wanakufa kijijini, hapo ndipo uzio unakulipa. Wafungie wako, usiingie kwenye mabanda ya wengine, na usinunue kuku wa bei ya kutupwa.

## Yasiyo ya kawaida

16. Wanakataa banda, wanalala mtini au kwa jirani. Kwa nini?

Ingia bandani saa mbili usiku na tochi. Pitisha kidole chini ya chaga na kwenye nyufa za ukuta. Ukiona vidudu vidogo vyekundu au vya kijivu vinavyotembea, umepata jibu: utitiri hujificha mchana na hunyonya damu usiku, na kuku hawezi kukueleza, anahama. Toa takataka zote, choma vichanja vilivyooza, mimina maji ya moto kwenye nyufa, paka chokaa kuta, na muulize daktari wa mifugo dawa ya kunyunyiza na kipimo chake. Rudia baada ya wiki, kwa sababu mayai huanguliwa upya.

Kama hakuna utitiri, tazama joto, uvundo, msongamano, au nyoka aliyewahi kuingia. Baada ya kurekebisha, washushe mtini usiku, mmoja mmoja, kwa sababu hapo hawaoni na hawapigani, uwaweke bandani na uanze upya kama swali la 5. Kwa kuku wako wanaolala kwa jirani hakuna aibu: nenda saa moja usiku na tenga, na umpelekee mayai kadhaa kwa usumbufu.

17. Mtetea ametoweka siku 4, lakini hakuna manyoya yaliyotapakaa. Ameliwa?

Pengine anaatamia. Mtetea wa kienyeji hupenda kuficha mayai kichakani. Ameketi huko na atatoka dakika chache kwa siku kula na kunywa, akiwa na haraka na manyoya yamesimama. Mfuate kwa mbali anaporudi. Ukimwacha, siku ya 21 atakuja na msafara wake, kama kicheche hakutangulia. Kuepuka hilo, weka viota vyenye giza bandani na usifungue mlango hadi saa nne asubuhi, wengi wanapokuwa wameshataga.

18. Jogoo wangu anahamia kwa jirani kila siku.

Una majogoo wengi. Jogoo mmoja hutosha matetea 10, na anayeshindwa vita hutafuta ufalme kwingine. Uza au chinja wa ziada. Kuchi, yule mrefu mwenye hasira, hana haja ya kushindwa: yeye huvuka mwenyewe kwenda kupigana. Huyo afungiwe, uzio au hakuna uzio.

19. Kuroila na Sasso nao wanarudi nyumbani?

Wanarudi. Kuroila, aliyetoka India, hujitafutia chakula vizuri. Sasso wa Ufaransa hupenda zaidi kukaa karibu na kilishio. Wote ni wazito, hawaruki juu, kwa hiyo uzio wa futi 4 au 5 unatosha. Wanakula zaidi ya kienyeji, na kuachiwa peke yake hakuwatoshi. Wakilelewa kwenye boksi bila mama hawajui mwewe ni nini, basi wape wiki kadhaa ndani ya uzio kwanza.

20. Tumehama nyumba, kijiji kilekile. Wanarudi kwenye nyumba ya zamani!

Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu wanaijua njia. Wahamishe usiku, wafungie wiki 3 badala ya 2, na kama banda la zamani bado lipo, libomoe au lizibe mlango. Mbao zake zijenge banda jipya ukiweza. Mtetea mmoja wangu alikwenda kulala juu ya vifusi vya banda la zamani jioni 6 mfululizo. Ya saba nilimkuta mlangoni kwetu, amechelewa, anagombania nafasi kwenye chaga.